Kabla ya Kusema Msafara Umefika

Kiprono, na ninyi wenzake mnaopokezana usukani wa gari la chama, Jumamosi iliyopita mlinibeba kutoka Longisa mpaka kule upande wa Mulot tulikomzika yule mama mkulima wa ngano. Mlinikalisha mbele kwa heshima ya mvi. Nashukuru. Tukafika, mkazima injini, tukapewa chai na chapati, halafu tukaanza kutafuta watu wengine. Hawakuwepo. Walikuja mmoja mmoja kama kuku wanaorudi bandani, kwaya ikawa ya mwisho, na shemeji wa marehemu kutoka Chepseon akapiga simu kusema amefika kitambo, amekaa kwa hema, mbona sisi hatupo? Kumbe alikuwa kwenye mazishi ya mtu mwingine kabisa, na alikuwa ameshaimba nyimbo mbili.

Mlicheka. Mimi pia nilicheka, nisijifanye malaika. Lakini niliposema kwamba huo haukuwa msafara, wewe Kiprono ukaniuliza mbele ya watu, "Kwani msafara ni nini, mzee? Si ni magari tu yanaenda mahali pamoja?"

Sikukujibu. Sababu ya kwanza, mdomo ulikuwa umejaa chapati. Sababu ya pili ni kwamba jibu langu si la kutolewa mtu akiwa amesimama na kikombe mkononi. Kwa hiyo nimekaa kwenye kiti changu, karibu na moto, na kalamu ya mjukuu, na nitawajibu vizuri. Mwandiko ni wa mtu wa kidato cha nne aliyeshika usukani miaka mingi kuliko kalamu. Mvumilie.

Kwanza mnijue. Wengi wenu mmenikuta nimeshastaafu, mnafikiri nilikuwa dereva shujaa. Mimi nilikuwa dereva asiyependa safari. Nafikiri hapa kwetu hakujawahi kuwa na mwingine. Nilipenda lori la majani chai kwa sababu lilizunguka shambani na kurudi kiwandani, na kutoka kiwandani niliweza kuona moshi wa jiko langu. Chama chetu cha wafanyakazi kiliponipa gari la mazishi la Ijumaa na Jumamosi, nilikubali nikidhani watu watakufa karibu. Hawakufa karibu. Nusu ya wenzetu walikuwa wametoka upande wa ziwa, na kila mmoja alitaka kulala kwao. Ikitajwa safari ya kuvuka Sondu, nilianza kutazama mawingu tangu Jumatano. Wenzangu waliniita Blanketi. Mke wangu aliniambia nikifa nisiwape watu shida, nizikwe palepale chini ya kitanda.

Sasa neno lenyewe. Mwalimu wetu wa Kiswahili, mtu mfupi aliyependa chaki nyekundu, alitufundisha kwamba msafara ni ndugu wa safari, na safari ilikuja pwani na lugha ya Waarabu. Zamani hizo msafara haukuwa na gurudumu hata moja. Ulikuwa watu wa miguu, mamia yao, wamebeba mizigo kichwani kwa miezi. Mbele alitembea mtu aliyeitwa kirangozi, na bendera yake, na ngoma. Huyo kila mtu anamsifu. Lakini nyuma kabisa, mwalimu alisema, alitembea mwingine ambaye hana ngoma wala bendera, na kazi yake ilikuwa kuwainua wale waliokaa chini. Siku ya safari haikuhesabiwa kuwa imeisha mpaka huyo wa nyuma aingie kambini. Na wengi katika wale wabebaji hawakwenda kwa kupenda. Wengine hawakuinuka tena. Kwa hiyo msidhani ni neno la sherehe tangu mwanzo. Lilianza na shingo zinazouma.

Mimi kwenye daftari niliandika: msafara, kundi la watu wanaosafiri pamoja. Nikapata alama yangu. Hilo "pamoja" nikalisahau kabla wino haujakauka.

Siku moja nilimuuliza kogo, nyanya yangu mzaa baba, Wakipsigis wa zamani walimsindikizaje maiti. Alinitazama kana kwamba nimeuliza habari za uchi wake. Akasema hakukuwa na kusindikiza. Mtu akifa, jamaa wachache sana walimtoa nje ya boma, upande wa machweo, wakamwacha huko, na fisi akafanya kazi yake. Waliomtoa walirudi kimya. Wengine walibaki ndani, hakuna aliyefuata. Kisha kanisa likaja na kaburi, mashamba ya chai yakaja na lori, na watu wa ziwa wakaja na desturi yao ya kumpeleka mtu kwao akiwa amezungukwa na watu njia nzima. Tukaiga kutoka kwao. Kwa hiyo katika jambo hili sisi tusijifanye wakongwe. Tulianza shule juzi.

Aliyenifundisha mimi alikuwa Mzee Omolo, aliyeendesha gari la chama kabla yangu. Alikuwa mrefu, mkavu, hacheki, na alivaa koti la mvua hata kukiwa na jua kwa sababu, alisema, Kericho haiaminiki. Alinifundisha vitu ambavyo ninyi hamvijui, mtaniwia radhi. Sanduku lifungwe kwa mipira ya tyubu kuukuu, si kwa kamba ya katani. Katani hulia kwenye kona, na ikilia tu, mama mmoja nyuma atapiga nduru kwamba marehemu anagonga. Niliyaona haya kwa macho yangu pale kona za Kapsoit, na nusura mchungaji aruke dirishani. Mteremko ushuke kwa gia, usikanyage breki, maana watu wa pikapu ya nyuma wamesimama na macho yamejaa machozi. Usipige honi sokoni. Tawi la majani mabichi lifungwe mbele, na ukikutana na msafara mwingine, taa zako ziseme pole.

Hilo la mwisho nilijifunza kwa aibu. Siku ya soko pale Chepseon nilikutana na harusi. Magari yao yalikuwa na majani mbele na sisi tulikuwa na majani mbele. Nilipotoka upande wa pili wa soko niliona msafara wangu umenenepa, nikafurahi, nikasema leo marehemu ana watu. Tulipofika bomani wakashuka vijana wanne wa suti nyeupe na maua vifuani, wakauliza bibi harusi amekaa wapi. Mzee Omolo aliposikia hakucheka. Aliniuliza tu kama niliangalia kioo.

Kioo ndicho alichokuwa akikihubiri. Alisema dereva wa mbele haangalii barabara, barabara haitoroki. Anaangalia kioo. Na anahesabu watu, hahesabu magari, kwa sababu gari linaweza kufika tupu. Tulihesabu mara tatu: kwenye geti la shamba, kwenye daraja la Sondu, na pale tunapoacha lami. Mwendo wetu ulikuwa wa yule wa mwisho. Mzee wa miguu akiwa nyuma, wote tunakwenda kwa miguu yake.

Na palikuwa na desturi moja ambayo ninyi mmeiacha ife. Msafara ukiingia kwenye boma la marehemu, hakuna mtu anagusa sanduku. Watu wanashuka, wanasimama. Mzee wa boma anakuja mpaka dirishani kwa dereva wa mbele, anamsalimu, anamuuliza kama wote wamefika. Dereva akisema bado, hata askofu atangoja. Akisema wamefika, milango ya nyuma inafunguliwa, na kutoka hapo mambo hayarudi nyuma. Ni maneno mawili tu. Mimi Blanketi, ambaye nyumbani hata mbwa hanisikilizi, nilipewa maneno hayo mawili.

Sasa nifike kwa Owino. Nimezunguka vya kutosha, mmegundua.

Owino alikuwa mtu wa boila kiwandani. Alilisha ule moto kuni miaka mingi mpaka nyusi zake zikaacha kuota. Aliishi laini ya juu, safu ya nyumba za wafanyakazi, na Esta, mchumaji wa chai, msichana wa kwetu kutoka huku Bomet. Waliishi kama mume na mke miaka kumi na mitatu. Mtoto Mungu hakuwapa. Kwao Owino, ng'ambo ya Oyugis ukishuka kuelekea Kendu, hawakuwahi kumwona Esta hata siku moja. Kila mwaka Owino alisema Krismasi hii nitampeleka, na kila Krismasi kulikuwa na jambo: mara zamu, mara mvua, mara baba yake mdogo, Jaduong' Ogola, yaani Mzee Ogola, amekasirika kuhusu jambo lingine na ni vizuri apoe kwanza. Nyumbani kwa Esta nao walikuwa wamemchoka. Walisema anakaa na mtu bila watu wa kuja kuposa.

Kisha Owino akaanguka palepale mbele ya boila, asubuhi, na hakuamka.

Esta alikuja kwangu siku ya Alhamisi. Alisimama mlangoni, hakutaka kuingia. Aliniambia wazi, na ninataka myasikie jinsi alivyosema: "Baba Chela, mimi naenda kwa Owino mara ya kwanza na mara ya mwisho. Nisipoonekana pale kaburini nikimwaga udongo, mimi sikuwahi kuwa mke wa mtu. Unipeleke vizuri."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Mke wangu akampa chai, akainywa amesimama.

Ijumaa asubuhi tulifanya kama kawaida yetu. Nyapara alitoa ruhusa, wachumaji wakaacha vikapu kando ya mistari, wakaja na maepuroni yao yale ya plastiki, watu wa kiwanda wakatoka na vumbi la chai kwenye kope. Gari likaenda mwendo wa miguu kutoka laini mpaka geti, na watu nyuma, mistari miwili, hakuna anayeongea. Esta alitembea peke yake katikati, kwa leso mpya nyeusi. Ninyi mnaofanya kazi sasa na mashine za kuchuma, na laini zimebaki na popo, hamjui jinsi jambo hilo lilivyokuwa. Watu mia tatu wanatembea na unasikia tu changarawe.

Getini tulihesabu. Basi moja la wafanyakazi, na pikapu ya dereva mwenzangu Langat iliyobeba akina mama wa laini ya juu, Esta akiwa ndani. Kwa nini Esta asikae mbele kwangu, mahali pa mke? Kiti hicho kilikuwa na binamu wa Owino aliyetoka nyumbani kuja kuchukua mwili. Alikaa tu, hakujua. Na mimi sikumwambia asogee. Niliona nitazua maneno, na maneno yatatuchelewesha.

Maana asubuhi hiyo nilikuwa nimeangalia mawingu. Kule chini karibu na ziwa udongo ni mweusi, ule wa kunata. Mvua ikinyesha, gari haliendi mbele wala nyuma, unalala huko. Nilishawahi kulala huko mara moja, kwa kiti, na mbuzi akinipumulia dirishani. Niliapa si tena. Mpango wangu ulikuwa saa saba tuwe tumefika, saa tisa niwe nimegeuza, jioni niwe kwangu. Niliupanga mpango huo vizuri kuliko nilivyopanga mazishi ya Owino.

Daraja la Sondu tulihesabu, wote walikuwepo. Baada ya Sondu barabara inapanda, na kwenye kioo nikaona pikapu ya Langat inabaki. Nikasema atanifikia. Kwenye kilima cha pili sikuiona. Nikasema imefichwa na basi. Pale tunapoacha lami, mahali pa kuhesabu mara ya tatu, sikusimama. Upande wa ziwa kulikuwa kweusi kama sufuria, nikakunja kona nikaingia njia ya udongo nikiwa gia ya tatu, na basi nyuma yangu.

Tukaingia bomani. Watu walikuwa wengi, kilio kikapanda. Wakati ninarudisha gari nyuma ili mlango uelekee hema, simu yangu ikalia. Ilikuwa juu ya dashibodi. Nikasoma jina: Langat. Nawaambia nilisoma. Sikupokea, kwa sababu nikipokea nitajua, na nikijua nitalazimika kungoja.

Simu ikanyamaza. Ikalia tena. Nikaigeuza ikalala kifudifudi.

Jaduong' Ogola akaja dirishani. Mzee wa heshima, fimbo nyeusi, kofia mkononi. Alinisalimu kwa Kiswahili safi kuliko changu. Akaniambia poleni kwa njia ndefu. Akatazama basi, akatazama barabara, akaniuliza, "Dereva, watu wenu wote wamefika?"

Nikasema, "Wamefika, mzee."

Akavaa kofia. Akainua fimbo, na milango ya nyuma ikafunguliwa.

Mimi sikwenda kaburini. Niligeuza gari likaangalia barabara, nikakaa ndani, nikafungua dirisha kidogo kwa ajili ya hewa. Yaliyotokea kaburini niliambiwa na watu wa basi. Mchungaji aliwaharakisha kwa sababu ya mvua. Akaita wazazi wamwage udongo, akaenda Ogola kwa niaba yao. Akaita mke. Watu wakatazamana. Binamu akasema huko Kericho kulikuwa na mwanamke, lakini hamwoni hapa. Mchungaji akangoja kidogo, watu wa basi wanasema alingoja kweli. Kisha akaita ndugu.

Msiniulize kwa nini watu wa basi hawakusema. Nimewauliza. Walisema walidhani yuko nyuma ya umati, analia. Walisema dereva alishasema wote wamefika.

Pikapu ilifika watu wakiwa wanakula. Tairi lilipasuka kwenye kilima cha kwanza baada ya Sondu, na spea nayo haikuwa na upepo, wakaomba pampu ya baiskeli nyumba hadi nyumba. Langat hakunisalimu. Esta alishuka polepole, leso yake imejaa vumbi, akatazama mahali watu wanapotoka, akaelewa. Hakupiga kelele. Alitembea mpaka kwenye kaburi. Vijana walikuwa tayari wanapiga udongo kwa migongo ya majembe ukae vizuri.

Nilishuka. Miguu ilinipeleka tu. Ogola naye alikuja, akamuuliza Langat huyu ni nani. Langat akamwambia. Mzee akanigeukia, na sauti yake haikupanda hata kidogo. "Dereva, si nilikuuliza?"

Nikasema, "Nilidhani, mzee."

Hiyo "nilidhani" imekaa kinywani mwangu mpaka leo. Sikudhani. Nilisoma jina kwenye simu.

Ogola alikuwa mtu mwema, nataka mlijue hilo, msimweke upande mbaya wa hadithi hii. Alivua kofia mbele ya Esta, akamwambia pole, nyar Kericho, binti wa Kericho. Lakini angefanya nini? Mchungaji alishaita mke mbele ya watu wote, na mke hakuwepo. Kaburi lilishafungwa kama la mtu asiye na mke. Wazee walikuwa wameketi, wanawake wa boma wanamtazama huyu aliyekuja na vumbi baada ya kazi kwisha. Mzee akaangalia huku na huku, kisha akamwita msichana mmoja, akasema, "Mpeni mgeni kiti. Mpeni mgeni chakula."

Mgeni. Miaka kumi na mitatu. Esta akakaa kwenye kiti cha mgeni, akashika sahani, hakula, akairudisha akashukuru.

Mvua haikunyesha. Nimewaambia? Wingu lile lilipita likaenda zake kumwagika ziwani. Udongo ulikuwa mkavu kabisa.

Tuliporudi kiti cha mbele kilikuwa wazi, maana binamu alibaki kwao. Langat alimleta Esta mpaka mlangoni kwangu, akamwambia panda hapa, pikapu haina tairi la kuaminika. Nafikiri alitaka kuniadhibu. Alifaulu. Tulipita Oyugis. Baada ya hapo akaniuliza, bila kunitazama, "Walimlaza kichwa kikielekea wapi?"

Ningeweza kumdanganya. Nilishakuwa na mazoezi siku hiyo. Lakini nikamwambia sikuona. Nikamwambia nilikuwa ndani ya gari, nimeligeuza, nangoja. Nikamwambia pia kuhusu simu, kwamba ililia mara mbili na nilijua ni nani.

Tukaanza kushuka kwenda Sondu. Kisha akasema, "Basi mimi na wewe hatukuwa huko."

Nilifika nyumbani jua likiwa bado juu. Mke wangu alishangaa. Aliniuliza mazishi yalikuwaje, nikamwambia nimechoka.

Baada ya wiki nilikwenda kwa wazee wa chama nikawaambia gari la mbele apewe mtu mwingine. Nikaomba niwe wa mwisho, nyuma ya pikapu, nyuma ya baiskeli, nyuma ya mzee wa miguu. Hawakunielewa. Walisema hakuna dereva anayeomba kushushwa. Nimekaa huko nyuma mpaka nikastaafu, nimekula vumbi la wilaya nzima, nimeziba pancha za watu nisiowajua, nimelala kwa kiti mara nyingi sana na mbuzi wote nikawazoea. Ninyi mnasema mzee alikuwa mpole, aliwapisha wengine. Sikuwa mpole.

Sasa mna simu zinazoonyesha njia, kila mtu anatumiwa mahali pa kwenda na anakwenda kivyake, mnakutana kwenye shimo. Sisemi ni vibaya. Lakini Jumamosi kule Mulot, mzee wa boma alikuja dirishani kwako, Kiprono. Nilimwona anakuja, nikaacha kutafuna. Aliuliza, na wewe ukasema, "Wako njiani, mzee, tuendelee tu." Ulisema ukicheka. Mimi nilikuwa kiti cha pembeni na sikufungua mdomo. Ndiyo maana ninaandika.

Nimalizie na Esta, kisha nilale.

Jumatatu baada ya yale mazishi nilikuwa na lori langu kwenye banda la kupimia majani. Wachumaji walikuwa wamepanga mstari na vikapu. Wale ambao hawakusafiri walimzunguka Esta, wakampa pole, wakamuuliza mazishi yalikuwaje, watu wa huko walimpokeaje. Nilikuwa juu ya lori, ninatandaza magunia. Niliacha mikono ikafanya kazi yenyewe.

Esta akawaambia watu walikuwa wengi mpaka nje ya boma. Akawaambia baba mdogo wa Owino alivua kofia mbele yake. Akawaambia mchungaji alimwita wa kwanza baada ya wazazi, akachukua udongo kwa mkono wa kulia, udongo mweusi wa huko, mzito, si kama huu wetu mwekundu, akaumwaga polepole, na hakuna aliyemharakisha. Akawaambia kichwa kilielekea ziwani. Alieleza vizuri, kwa utaratibu, kama mtu aliyeona kila kitu. Wanawake wakatikisa vichwa, mmoja akajifuta macho kwa epuroni.

Kisha mmoja wao, mwenye sauti kubwa, akaniita pale juu. "Baba Chela, wewe si ndiye uliwapeleka? Ilikuwa hivyo kweli?"

Esta hakuinua macho. Alikuwa anachagua majani makavu kutoka juu ya kikapu chake, moja moja, anayatupa.

Nikasema, "Ilikuwa hivyo. Nilikuwa nimesimama karibu naye."

Mstari ukasogea. Esta akabeba kikapu chake, akakitundika kwenye mizani.